Freni za Ariwara

Niseme mapema, maana Bunia si mji mkubwa na kuna watu walioona: freni zile, yaani breki za gari yangu, nilizinunua mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, mchana kweupe. Hakuna aliyenidanganya. Mwenye duka kule Ariwara hakufungua hata kinywa chake kuzisifu. Nilijidanganya mbele yake, yeye akazitia tu kwenye mfuko.

Mimi ni muuza vitenge. Nimeuza vitenge sokoni tangu ujana, na jambo moja ambalo soko zima linanikubalia ni jicho. Kitenge cha kweli na cha kuiga navitenganisha nikiwa bado mbali. Nakigeuza upande wa pili nione kama rangi imepenya sawasawa. Nasoma maandishi ya pindoni kama yamenyooka. Nakwaruza kwa ukucha, nanusa. Nikisema hiki ni wax, yaani kitenge cha kweli, basi ni wax. Wanawake huniletea vitenge walivyonunua kwingine niwahukumie, na wengine wameondoka kwangu wakilia. Sikuwahi kuwaonea huruma. Mwenye macho haambiwi tazama, nilikuwa nasema. Na mteja wangu mimi akiwa hana macho, basi, niseme yote, sikumwazima yangu.

Gari yangu ilikuwa ya Kijapani, volani, yaani usukani, upande wa kulia, kama nyingi zinazotufikia kwa njia ya Uganda, ilhali siye huku tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Ndiyo maana anayekaa kiti cha kushoto ana kazi. Ukitaka kulipita lori unamuuliza, "Kuna kitu kinakuja?" naye anachungulia na kukujibu. Kwa gari kama hiyo huwezi kupakia mtu mwongo mbele. Marehemu mume wangu aliinunua ikiwa nzima. Tangu hapo kila kilichokufa ndani yake kilizikwa, na kingine cha bei ya chini kikarithi mahali pake. Klaksoni ilikuwa ya pikipiki. Kipimo cha mafuta kilisema nusu, hata siku tulipoisukuma. Ukiwasha taa ya kukata kona, vifuta-mvua vinaamka. Breki ya mkono ilikuwa jiwe, na jiwe lilikaa nyuma, chini ya kapu. Nilizoea. Mtu huizoea gari yake kama anavyomzoea shemeji.

Mwaka huo nilikuwa nakaa na mtoto wa dada yangu. Dada yangu mkubwa alibaki upande wa Kilo na shamba lake, akanitumia binti amalize shule mjini. Alikuwa na miaka ishirini na moja na bado alivaa shati jeupe na sketi ya bluu, katikati ya watoto wa miaka kumi na saba. Si kwamba alikuwa mjinga. Vita ilimla miaka. Mara tatu walikimbia kijiji. Mwaka mmoja shule ilifungwa, mwaka mwingine alikuwa porini zile siku ambazo wenzake walikuwa wanaandika mtihani wa taifa, ule ambao siye tunauita egzeta. Huo mtihani ni wa siku kadhaa, na ukikosa siku ya kwanza umekosa zote.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Jioni moja tulikuwa tunachambua maharage, akaniambia bila hata kuinua uso, "Mama mudogo, mwaka huu nikikosa tena, sirudi darasani. Nitarudi Kilo, nioshe muchanga na batu ya zahabu." Nawajua wasichana wanaoosha mchanga kule. Mikono yao inazeeka kabla ya uso. Roho iliniuma kweli. Nikamwambia hatakosa, mimi nikiwa hai na gari ikiwa na mafuta.

Kama mwezi hivi kabla ya mtihani, freni zikaanza kulia.

Fundi wangu ni mzee wa Butembo aliyehamia kwetu na familia yake yote na sanduku moja la funguo za kufungulia nati. Hana haraka na hana maneno matamu. Alivua gurudumu, akanionyesha vibao vya freni, vile vinavyobana chuma ili gari isimame, vimekwisha kabisa. Akasema kuna mtu wake anayeweza kumletea vya kweli kutoka Kampala, nisubiri siku kumi, labda kumi na mbili. Kusubiri si kipaji changu. Wiki ile ile nilikuwa naenda Ariwara kuchukua mzigo wa vitenge, na Ariwara kuna kila kitu. Nikamwambia asijisumbue, nitavileta mimi.

Soko la Ariwara, kule mpakani, ni kubwa na lina kelele za nchi tatu. Nilipomaliza vitenge nikaingia safu ya vipuri, kifua mbele. Dukani kulikuwa na freni za aina nne. Sasa sikilizeni nilivyofanya. Nilichukua karto ya kwanza, yaani boksi lake, nikaigeuza. Maandishi yamepinda: hapana. Ya pili nikaikwaruza kwa ukucha, wino ukatoka: hapana. Ya tatu ilinuka mafuta ya taa. Ya nne ilikuwa nzito, ina kibandiko kinachong'aa, maandishi yamenyooka kama mstari wa rula. Nikaifungua. Ndani ya karto pia kulikuwa kumechapishwa, rangi pande zote mbili. Nikasema moyoni, hii ndiyo yenyewe. Vibao vyenyewe nilivitazama kwa upole tu, kama unavyomsalimia mtoto wa mwenyeji. Mwenye duka alikuwa anakula karanga. Alinitazama tangu mwanzo mpaka mwisho, na nadhani hakuwahi kumwona mteja wa namna ile.

Fundi alivipokea, akaitupa karto pembeni bila kuisoma, jambo lililoniudhi. Akagonga kibao kimoja kwenye meza, akasikiliza.

"Mama, hii haiko muzuri."

"Umeona karto?"

"Mama, gari haisimamake na karto."

Akanieleza, na naomba mnisikilize kwa niaba yake, maana mimi sikumsikiliza. Freni ya kweli ikipata moto inaendelea kushika. Ile ya kuiga inashika vizuri ikiwa baridi, ndiyo maana inadanganya. Ikipata moto inateleza, na ikizoea kupata moto inamomonyoka. "Mara ya kwanza itashika," akasema. "Mara ya kumi itashika. Weye utasema muzee huyu ni muoga. Siku utashuka mulima, ufunge freni mara tatu nyuma kwa nyuma, mara ya ine njo utanikumbuka." Nikamwambia sikio halizidi kichwa, na kichwa cha gari hii ni mimi. Akafunga vile vibao. Halafu akachukua kipande cha makaa akaenda ukutani.

Garaji yake ina ukuta mmoja wa tofali uliopakwa chokaa, na desturi yake inajulikana. Kifaa alichotafuta yeye, lawama yake anaibeba yeye. Kifaa alicholeta mteja, anakiandika ukutani: namba ya gari, jina la kifaa, na maneno PIESI YA MUTEJA. Ukuta ulikuwa umejaa. Baadhi ya mistari ilikuwa na msalaba mdogo mbele. Sikuuliza msalaba ni wa nini. Nilimwona akiandika namba yangu, kwa herufi kubwa nzuri, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Wiki tatu freni zilishika, nami nikatembea mjini nikimcheka fundi. Ilikuwepo harufu kidogo, kama karanga zilizoungua. Nikasema ni harufu ya upya. Rimu zilikuwa na vumbi jeusi. Nikasema ni barabara zetu. Pedali ilikuwa inashuka chini zaidi kila wiki, nami, Mungu anisamehe, nilidhani mguu wangu umepata nguvu.

Siku ya kwanza ya egzeta kulikuwa kumenyesha usiku kucha. Udongo wetu mwekundu ulikuwa umelainika kama siagi ya karanga. Binti aliamka kabla ya jogoo, akapiga pasi shati, akapanga kalamu na rula kwenye mfuko wa plastiki. Akaniambia atapanda pikipiki. "Itanifikisha mbio, Mama mudogo." Nikakataa. Mtoto wa dada yangu aanguke kwenye tope siku ya mtihani, aingie darasani kama nguruwe? Nilimwambia atakwenda kwa gari, kama mtu. Mlango wa shule ya mtihani ulikuwa unafungwa saa mbili kamili. Tulitoka saa moja na robo, na safari yenyewe haifiki dakika ishirini hata kwa tope. Niliona tuna muda mpaka wa kusali.

Mtaa wetu uko juu. Katika mteremko nilifunga freni kwa ajili ya lori la mbao, nikafunga tena kwa ajili ya mbuzi, nikafunga tena kwa ajili ya shimo ambalo nalijua kwa jina. Harufu ya karanga ikajaa gari. Binti akafungua dirisha. Tukafika chini, mbele ya ofisi moja ya serikali, na ilikuwa saa moja na nusu, na kipenga kikalia.

Kwa asiyejua desturi yetu: bendera inapopandishwa asubuhi mbele ya ofisi, kila kitu kinasimama. Si wafanyakazi tu. Barabara nzima. Mwenye miguu, mwenye baiskeli, mwenye gari, mpaka wimbo uishe na bendera ifike juu. Anayetembea anakamatwa, na hakuna anayetaka kueleza kwa nini alitembea.

Basi mbele yangu mji ulikuwa umesimama. Madereva wa pikipiki, mguu mmoja chini. Mama mmoja na beseni la ndizi kichwani, shingo imenyooka. Mtu mmoja alikuwa anavuka, kipenga kikamkuta katikati ya barabara, mguu wa mbele umezama kwenye tope, naye akabaki hivyo hivyo. Nikakanyaga freni. Mguu ukaenda mpaka chini, kama umekanyaga bugali wa moto. Nikakanyaga tena. Kitu kikasaga chini ya gari, kikanyamaza. Tukaendelea.

Hatukuwa na mwendo mkubwa. Afadhali tungekuwa nao. Tulikwenda polepole kiasi kwamba kila mtu alipata nafasi ya kunitambua. Tulikuwa kitu pekee kinachotembea Bunia nzima. Na hakuna aliyeweza kutupisha, maana kupisha ni kutembea. Macho tu ndiyo yalitufuata. Yule wa katikati ya barabara alinitazama nikija, akatazama bendera, akatazama polisi, na niliona kabisa anapima kipi kibaya zaidi. Nikamzunguka. Polisi alikuwa na mkono kwenye paji la uso na filimbi mdomoni, mashavu yamejaa hewa, lakini wakati wa bendera hata filimbi inanyamaza. Nikapiga klaksoni kumwomba radhi. Ile klaksoni ya pikipiki ikalia juu ya wimbo wa taifa.

"Mama mudogo," binti akasema, amekaa wima, mikono kwenye mapaja, macho mbele. "Tusimame."

"Ninasimama," nikasema, tukiwa tunapita.

Nikaona uwanja wa ofisi umeinuka kidogo, nikasema nikiingia pale gari itachoka yenyewe. Nikawasha taa ya kukata kona, kwa mazoea ya kuheshimu sheria, na vifuta-mvua vikaamka vikaanza kupunga kushoto na kulia. Hivyo ndivyo tulivyoingia: katikati ya mistari miwili ya wafanyakazi waliosimama imara, vifuta-mvua vikipunga, polepole, kama wageni wa heshima. Tulifika mita chache kutoka mlingoti. Gari ikasimama. Kisha, kwa kuwa jiwe lilikuwa nyuma chini ya kapu, ikaanza kurudi kinyumenyume, na wafanyakazi wale wale wakaiona ikipita mara ya pili. Ikaegemea rundo la matofali. Bendera ikafika juu. Wimbo ukaisha.

Hapo ndipo kila mtu alipokumbuka kwamba ana miguu. Nilishuka, wakanizunguka wote. Mkuu wa polisi wa pale, ambaye wote tulimwita komanda, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, alikuja bila haraka.

"Mama, unazarau bendera ya inchi."

"Hapana, komanda. Freni zimekatala."

"Zimekatala saa ya bendera tu?"

Akasema sisi wawili tutaandikiwa peve, yaani maelezo ya kosa, na karani anayeandika peve hajafika. Ajabu ni kwamba hakuomba kitu. Angeomba ningejua la kufanya; lakini alikuwa ameumia kweli kwa ajili ya bendera, na mtu wa namna hiyo humwezi.

Binti akashusha dirisha mpaka chini. "Komanda, miye niko na egzeta. Mulango unafungwa saa mbili."

"Peve kwanza, kisha utaenda. Na weye ulitembea."

"Miye sikutembea. Nilikaa kimya. Gari njo ilitembea."

Komanda akafikiri. Mfanyakazi mmoja mwenye tai akasema mtoto ana haki, aliyekaa hajatembea. Mwingine akasema aliyekaa ndani ya kinachotembea anatembea, la sivyo hakuna mtu aliyewahi kufika Kampala. Mama wa ndizi akauliza, na mtoto aliye mgongoni mwa mama yake anayetembea, je? Wakagawanyika pande mbili. Ingekuwa nzuri kama hatungekuwa tunakimbizana na saa. Nilimwona binti akitazama saa ya ukutani ya ofisi kupitia dirisha. Saa moja na dakika thelathini na nane.

Mwishowe komanda alitoa hukumu ya busara, na hilo nalikiri. Alisema fundi aitwe. Akikuta freni ni mbovu, basi ni ajali, na tutaondoka papo hapo bila peve. Akikuta ni nzima, basi ni dharau. Garaji haikuwa mbali. Mtu wa pikipiki akaenda, akarudi na mzee wangu amekaa nyuma yake na funguo zake, shati bado halijafungwa vifungo. Alitikisa kichwa tu, akalala chini upande wa kulia, akavua gurudumu la mbele. Watu wote wakahamia upande ule wa kulia kuona.

Akatoa kibao. Akakibana kwa vidole viwili, na kile kibao kikavunjika kama mkate mkavu. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya majani ya chai yaliyotumika. Watu wakasema "Eee" kwa pamoja.

Hapo mambo yalikuwa yamekwisha. Nilitakiwa kunyamaza, niondoke na mtoto. Lakini fundi akasema, taratibu, bila hata kunisuta, "Nilimuambia. Iko bandia. Imeandikwa kwa ukuta yangu."

Sijui kama mmewahi kuambiwa neno "bandia" mbele ya watu, mtu mwenye jicho langu. Na katika watu wale nilikwisha kuwaona wateja wangu wawili. Mmoja alikuwa amevaa kitenge nilichomuuzia mimi kwa kumwapia kwamba ni wax ya kweli, na kwa kuwa kilikwisha kufuliwa mara mbili, tusiongee habari zake.

"Hii haiko bandia," nikasema. "Ni tope la leo. Ni maji yameingia."

"Mama," komanda akasema, "iko ya kweli ao ya uongo?"

"Ni ya kweli. Nilichagua mwenyewe."

"Ikiwa ya kweli, weye unazarau bendera."

"Sizarau bendera."

"Basi iko ya uongo."

"Haiko ya uongo."

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, nami nilikuwa nausukuma ufungwe kwa mikono miwili. Nilijua. Hilo ndilo linalonitesa hata leo: nilijua, na mdomo ukaendelea. Nilidai karto iletwe. Karto ilikuwa ndani ya kapu kwenye kiti cha nyuma, mtu akaichomoa kupitia dirisha la kulia; nilikuwa nimeitunza, ilikuwa nzuri mno kutupwa. Nikawaonyesha maandishi. Nikawaonyesha kibandiko. Nikaifungua wauone mchapo wa ndani, rangi pande zote mbili, nikawauliza ni mtu gani wa uongo anayechapa ndani ya karto, mahali ambapo hakuna anayetazama. Nikamwambia yule mwenye tai aikwaruze kwa ukucha. Akaikwaruza. Wino haukutoka. Akasema kweli, karto ni nzuri. Nikajisikia ninashinda. Komanda akaichukua karto, akaigeuza, naye akaanza kushawishika kwamba freni zilikuwa nzima na mimi ni mhalifu.

"Basi tungoje karani wa peve," akasema.

Ndipo nilipoogopa. "Komanda, huruma," nikasema. "Muangalie mutoto huyu, ana mtihani, vita ilimuharibia miaka." Nikageuka nimwonyeshe kwa mkono, ili wamwone na shati lake jeupe.

Kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa kushoto, ule wa upande ambao hakukuwa na mtu, ulikuwa umerudishwa kwa upole bila kufungwa kabisa, usije ukalia. Mfuko wa kalamu haukuwepo. Maandazi niliyomfungia yalikuwa pale pale. Saa ya ukutani ilisema saa mbili kasoro dakika sita.

"Ni za uongo," nikasema. Nikarudia kwa nguvu, soko zima lisikie kama lilitaka. "Freni ni za uongo, komanda. Nilichagua karto." Komanda akanirudishia karto yangu na kusema ningesema hivyo tangu mwanzo, na kwamba poleni. Fundi alikuwa ameshaanza kukusanya funguo zake. Niliiacha gari pale pale juu ya matofali, gurudumu moja chini.

Nilifika shuleni kwa pikipiki, na mlango ulikuwa umefungwa. Mlinzi hakujua lolote. Watoto wote wana mashati meupe, mama, akaniambia, nitamjuaje wako? Niliuliza kama kuna aliyerudishwa. Akasema wawili wamerudishwa, mvulana na msichana, na msichana alikuwa analia. Nikauliza alikuwa na umbo gani. Akasema hakumwangalia. Nilikaa juu ya jiwe la mtaro mkabala na mlango tangu saa mbili mpaka karibu saa saba. Sikunywa hata maji. Kama kuna sala ambayo sikuisema siku ile, ni kwa sababu siijui. Nilimwona dada yangu akinitazama kutoka Kilo. Nilimwona binti amepanda lori, anarudi kule kwenye mchanga, wala haniagi.

Mlango ulipofunguliwa wakatoka kwa makundi, wanapiga kelele kuhusu maswali. Alitoka kati ya wa mwisho, peke yake. Sketi ilikuwa imejaa tope mpaka kiunoni na shati lilikuwa na alama ya mkono wake mwenyewe pale alipoanguka. Akaniona, akavuka barabara.

"Uliingia?" nikamuuliza, ingawa alikuwa ametoka mle ndani mbele ya macho yangu.

"Niliingia. Walikuwa wanafunga."

"Uliondoka saa ngapi?"

"Kibao ile ilipovunjika. Weye ulipoanza kusema haiko bandia."

Nikahesabu. Nilikuwa nimepiga kelele karibu dakika kumi juu ya karto, na kiti kikiwa kitupu nyuma yangu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Kule kwetu njo tulifanyaka vile," akasema. "Batu bakubwa bakianza kubishana, habaangalie tena watoto. Unatoka polepole, unatembea tu mupaka kwa kona. Ukipita kona njo unakimbia." Akapangusa tope kwenye rula yake kwa kidole gumba. "Mara tatu nilikimbia vita, Mama mudogo. Leo nilikimbia weye."

Tulipanda kwenda nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma.